Nati Thelathini na Tisa

Gungu, Kigoma
3 Mei 1998

Baba Yunisi,

Mwanao amelilisha lori lako uji sasa hivi. Nimetoka kidogo tu kugeuza muhogo juani, narudi namkuta amechuchumaa mbele ya gari ninalokutengenezea, kijiko mkononi, anamimina uji dirishani na kuliambia, "Kula, baba. Kula, baba." Nilinyanyua mkono nimchape, mkono ukakataa. Tangu Januari ulipopelekwa Kibondo kubeba chakula cha wakimbizi, yeye anajua baba yake anaishi humo ndani.

Mwakeye lakini. Nimeanza bila salamu kama mtu asiyelelewa. Sisi wazima, mwanao ana jino jipya, na mvua hizi za elinino zimebomoa choo cha Mama Genoveva mwenye nyumba, ila ukuta wetu umesimama.

Sasa nikwambie habari ya lori. Vipimo ulivyoniandikia Machi nimevifuata vyote. Futi mbili zako ni inchi moja yangu, kwenye futi ile ya fundi cherehani. Lori lako ni futi ishirini na mbili, langu inchi kumi na moja, wala halijazidi upana wa uzi. Bodi ni makopo yale ya mafuta ya msaada unayonitumia kwa mwenzako Dismasi, nimeyakunja na kuyabana bila kuchoma. Matairi nimekata kwenye ndala zangu za zamani, ekseli ni spoku za baiskeli. Nati nimetumia vichwa vya pini na gundi ya fundi viatu: kumi, kumi, kumi, halafu gurudumu la mbele kushoto tisa, kwa kuwa uliniandikia ya kumi ilikatika mkiwa Makere na hamjapata nyingine. Jumla thelathini na tisa. Hilo sikumwambia mtu yeyote. Atakayeona atasema nimesahau, nawe utajua sikusahau. Siku ukija utazihesabu kwa kidole.

Ila kutoa ule uji ilibidi nifungue paa la kichwa. Nilipochungulia ndani nikaona aibu. Nje kila kitu kipo, taa, vioo vya pembeni, maandishi UJE UONE kule mbele, na mlangoni nataka kukuandika kama tajiri alivyokuruhusu ujiandike. Ndani bati tupu. Baba wa watu ana jina mlangoni lakini hana pa kukaa!

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Kaa kwenye kiti chako, futi mkononi, uniandikie unachokiona kuanzia mkono wako wa kushoto hadi wa kulia. Usiruke kitu. Gari la watoto linavutwa kwa kamba, hata likikosa mlango linakwenda. Langu ni la kuangaliwa. Likisema uongo mahali padogo, limesema uongo lote.

Wako anayekungoja,
Leonia (Mama Yunisi)


Kibondo
14 Mei 1998

Mama Yunisi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile ya uji nimewasomea wenzangu ghalani. Sasa jina langu hapa ni Kula Baba. Umenipatia sifa.

Mimi mzima. Barabara ndiyo mgonjwa. Juzi tumelala kwenye tope kati ya hapa na kambi ya Mtendeli, tukavutwa na trekta. Kuna mama mmoja wa Kirundi pale kambini nilimweleza kwamba mke wangu anaunda lori kwa makopo yale yale anayopewa yeye na mafuta. Hakuamini. Akasema, "Mwambie akimaliza aliandike na jina la kopo, tujue ni letu." Nikamwambia nitakwambia.

Nimefanya ulivyosema. Nimekaa kwenye kiti changu na futi, gari limesimama, ninakuandikia ninachokiona.

Mkono wangu wa kushoto ni mlango. Mpini wa dirisha umekatika, tunazungusha kwa bisibisi. Mbele ya magoti yangu kuna kikabati cha karatasi, inchi kumi na nne kwa upana, kifuniko hakifungi mpaka ukipige ngumi. Juu yake kuna kishikio cha chuma cha kujishikiza kwenye mashimo. Katikati kuna redio isiyosema. Mkono wangu wa kulia ni gia, fimbo yake futi mbili kasoro inchi mbili, kirungu chake ni cheusi na kimechubuka. Baada ya gia ndipo usukani, inchi kumi na nane kutoka ukingo hadi ukingo, umevalishwa manyoya ya buluu. Viti viwili, rangi ya kahawia, hiki changu kimepasuka na kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Juu ya kioo kuna rozari na kitambaa cha kufutia jasho.

Nadhani sijaruka kitu. Kazi yako inanipa kichwa kikubwa, Leonia. Hapa kila mtu anajisifia shamba au ng'ombe. Mimi najisifia nati.

Mwambie Yunisi nimeshiba.

Pastory


Gungu
26 Mei 1998

Baba Yunisi,

Kaa vizuri kwenye hicho kiti chako kilichopasuka, maana nina habari.

Lori lako limepata rangi. Nilishuka Kibirizi kwa Mwinshehe, yule mzee anayepaka rangi mitumbwi, kumwomba masalia ya rangi nyekundu. Akaniangalia, akaliangalia gari, akasema, "Mama, hili la kubeba sisimizi?" Nikamjibu, "La kubeba chakula cha sisimizi wakimbizi." Akacheka mpaka miwani yake iliyofungwa kwa uzi ikamdondokea kwenye ndoo. Lakini alipoligeuza na kuona chini nako nimeweka ekseli na springi, akaokota miwani aangalie vizuri. Alikaa nalo muda mrefu. Akasema, "Hii si kazi ya kubahatisha." Akanipa nyekundu na nyeupe kidogo, akanifundisha kuchuja rangi kwa soksi kuukuu isiwe na punje, na kupaka nyembamba mara tatu badala ya nzito mara moja.

Brashi nimefunga mwenyewe kwa nywele za mkia wa mbuzi. Ile ya dukani inaacha michirizi. Napaka alfajiri kabla upepo wa ziwa haujaanza kurusha vumbi, halafu nalifunika na sufuria. Leo ni siku ya nne sufuria haina kazi nyingine. Mama Genoveva amepita akauliza, "Mama Yunisi, mmeinjika lori? Limeiva?" Nikamwambia bado gumu kidogo.

Wengine wanasema vibaya, sikufichi. Kule bombani nimesikia, "Mama mzima anacheza magari, mume akirudi atakula bati." Zamani ningelia. Safari hii nimebeba ndoo yangu shingo imenyooka.

Na sikiliza hili. Bwana Urbanus, yule Afisa Utamaduni aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba, amepita mtaani kuandikisha kazi za mikono. Kuna maonyesho Jumamosi tarehe 25 Julai kwenye ukumbi, na zawadi kwa watakaoshinda. Watu wa vikapu, wa mitumbwi midogo, wa vitambaa. Mama Genoveva, huyo huyo wa kunicheka, ndiye aliyemvuta mkono mpaka kwangu. Bwana Urbanus akainua sufuria. Akasema, "Nani kafundi ka hapa?" Nikasema mimi. Akasema, "Hapana, nauliza fundi." Nikasema, "Nami nakujibu." Ameniandikisha, nambari kumi na saba.

Nimeandika mlangoni kwa nyeupe, herufi ndogo kama mchele: DEREVA PASTORY. Kila anayekuja namwonyesha hapo kwanza. Jumamosi hiyo Kigoma nzima itasoma. Uje, Baba Yunisi. Omba ruhusa ya siku mbili. Nataka usimame pembeni yake.

Ndani bado sijaanza, nangoja rangi ikauke kabisa.

Wako,
Leonia, nambari 17


Kibondo
5 Juni 1998

Mama Yunisi,

Nimefurahi sana, sana. Fundi wa namba kumi na saba! Nimewaambia wote.

Ila nakuomba, lile jina la mlangoni lifute. Andika uzito wa gari tu, inatosha. Watu watasema najitangaza. Madereva wanaokuja kupakia hapo stesheni wataliona na watanitania.

Tarehe 25 sitaweza. Barabara mbaya na kazi ni nyingi. Usinisubiri.

Mbusu mtoto.

Pastory


Gungu
14 Juni 1998

Baba Yunisi,

Leo Jumapili sikwenda kanisani. Nimeshinda na lori.

Nilianza kutengeneza ndani kwa barua yako ya tarehe 14 Mei. Nikakata kikabati, nikakipachika mbele ya kiti chako. Nikazungusha waya ukawa usukani, robo tatu ya inchi, nikauvalisha uzi wa buluu, nikataka kuupachika mbele ya kiti chako. Haukai. Kikabati kipo. Nikasema nimekosea kupima, nikang'oa, nikakata upya. Haukai. Nikachukua barua nikaisoma kidole kikiwa chini ya mstari, kama niko darasa la pili.

Mkono wako wa kushoto ni mlango. Mbele ya magoti yako ni kikabati. Gia iko mkono wako wa kulia, na usukani uko ng'ambo ya gia.

Mimi niliishia la tano, lakini kulia na kushoto naijua. Magari ya nchi hii usukani uko kulia. Aliyekaa mahali ulipokaa wewe kushoto ana mlango, mbele ana kikabati, na mikononi hana usukani. Baba Yunisi, umenipimia gari ukiwa kwenye kiti cha taniboi, siyo cha dereva. Na umekiita kiti changu.

Kisha nikakumbuka, "Jina lifute." Nikakumbuka, "Usinisubiri."

Nilimfuata Dismasi stesheni alipokuwa anapakia. Nikamuuliza, "Shemeji, lori la UJE UONE anaendesha nani?" Akaangalia viatu vyake. Akasema, "Shemeji, mimi naleta barua, sisomi." Nikamwambia, "Hujaulizwa umesoma nini, umeulizwa umeona nini." Akapanda kufunga turubai. Nikarudi nyumbani.

Umegonga mtu? Niambie. Njia hizo zimejaa watu wanaotembea, akina mama wana kuni kichwani na watoto mgongoni, wewe mwenyewe uliniandikia. Kama umeua mtu nataka nijue kwa mkono wako, siyo kwa mtu wa bombani. Kama umelewa, niambie. Kama unaumwa, niambie. Kiti hakiniumizi. Kinachoniuma ni wiki hizi zote nimewaonyesha watu mlango ule na wewe unajua, na mimi sijui.

Lori limefunikwa. Sitaligusa mpaka unijibu.

Leonia


Kibondo
27 Juni 1998

Leonia,

Sijaua mtu. Sijalewa. Soma hayo kwanza, vuta pumzi, ndipo uendelee.

Siku chache kabla barua yako ya uji haijanifikia, walikuja kupima macho ya madereva wote. Walitundika karatasi ya herufi kwenye ukuta wa ghala. Mstari wa kwanza nilisoma. Wa pili nilikisia. Wa tatu, mama, ukawa sisimizi. Wenzangu wanasoma mpaka chini kabisa kama wanaimba. Mimi nimesimama pale nakunja uso. Mkuu wa magari akaniambia taratibu, "Pastory, leta funguo."

Kitu cha karibu nakiona vizuri. Barua zako nazisoma bila shida, na futi nasoma mpaka vistari vidogo. Cha mbali ndicho kinanipotea. Sikujua. Nilidhani watu wote wanaona hivyo, mlima ni ukungu na mtu ni kivuli mpaka afike. Njia nilikuwa naijua kwa mazoea. Wale akina mama wa kuni uliowataja, nilikuwa nawaona wakiwa wameshafika karibu. Sikumgusa hata mmoja, lakini sasa najua ilikuwa bahati tu. Kwa hilo sikumlaumu mkuu. Angechelewa, pengine leo ningekujibu jibu lingine.

Kwa hiyo mimi ni taniboi. Gari ni lile lile, kiti ndicho kile. Naweka gogo nyuma ya gurudumu mlimani, nahesabu magunia, naelekeza dereva akirudi nyuma. Huyo dereva ni kijana. Ananiita Mzee na ananionea huruma, jambo ambalo ni baya kuliko matusi.

Jina langu mlangoni walilipaka rangi nyekundu juu. Mchana halionekani. Asubuhi jua likiwa chini, ukisimama ubavuni, linatokea. Mimi kila asubuhi nasimama ubavuni.

Nilitaka kukuficha mpaka nipate kitu kingine cha kukuambia. Kwa mdomo ningeweza. Kwa barua ya maneno matupu pia ningeweza, na ile fupi niliyokuandikia ilikuwa hivyo. Lakini uliniambia nikae kwenye kiti changu na futi, nisiruke kitu. Nikakaa. Futi ikiwa mkononi nilishindwa kusema uongo. Sikufikiria kwamba utaviweka vitu kimoja kimoja mpaka viniseme.

Mkuu alisema nikileta miwani atanipima tena. Kuna hospitali ya misheni wanapima na kutoa. Sijaenda. Hapa kulikuwa na mmoja aliyevaa, wakamwita Mwalimu Mkuu, kila akipanda gari wanasimama kama darasa, "Shikamoo mwalimu!" Alihama.

Uliponipigania kule bombani, ulikuwa unampigania dereva. Nisamehe.

Pastory


Gungu
6 Julai 1998

Baba Yunisi,

Nimesoma "sijaua mtu" nikakaa chini pale pale kwenye mlango wa Mama Genoveva, nikalia, halafu nikaanza kucheka. Akadhani nimepata msiba. Nikamwambia, "Hapana, mume wangu haoni mbali." Akasema, "Wote hawaoni mbali, mwanangu, ndiyo sababu unalia?"

Sasa na wewe soma haya kwanza. Mimi si mke wa usukani. Nimeolewa na mtu.

Nilikasirika, nakubali. Siku mbili sikukuombea. Siku ya tatu nikafunua sufuria, nikamaliza ndani kama ulivyopima. Kikabati mahali pake, usukani mahali pake, kila kitu kikakaa mara moja, kama kilikuwa kinangoja ukweli tu. Halafu nikafikiria. Umekaa na aibu yako, jua kali, wenzako wanakuona, na bado umepima kifuniko ambacho hakifungi mpaka kipigwe ngumi, kwa sababu mkeo ameomba. Nani mwingine ana mume kama huyo? Wa bombani hao waniletee mmoja.

Sikiliza nilichofanya. Jina la mlangoni sikulikwangua. Nimelipaka nyekundu juu, nyembamba sana, kama walivyofanya wao. Mchana halionekani. Asubuhi hii nimelishika wakati jua liko chini, likatokea. DEREVA PASTORY. Nikasimama ubavuni kama wewe. Tulikuwa tumesimama pamoja, wewe hujui tu.

Kiti chako nimekishona kwa uzi wa gunia. Na nimechonga gogo dogo, kama nusu ya njiti ya kiberiti kwa unene, nikaliweka nyuma ya gurudumu. Bila gogo hilo lori linateleza mezani, nimejaribu. Usiniambie tena taniboi kana kwamba ni ugonjwa.

Kuhusu miwani. Mwinshehe ana miwani imefungwa kwa uzi, kioo kimoja kina ufa, na mstari anaopiga ubavuni mwa mtumbwi hauyumbi kutoka mbele hadi nyuma. Nilimuuliza kama wanamtania. Akasema, "Wananitania sana. Wakimaliza wananiletea mitumbwi yao." Nenda hospitali. Wakikuita Mwalimu Mkuu, waitikie marahaba, wakae chini.

Usiende kwa ajili ya usukani. Nenda kwa sababu mwanao sasa anajua kupunga mkono, na anapunga kutoka mbali. Nataka umwone akiwa bado mbali.

Lori litakwenda maonyesho jinsi lilivyo. Atakayeuliza nitamwambia ukweli. Kama hutaki lisimame mbele ya watu, nijibu kabla ya tarehe 25 nitaliacha nyumbani, na sitakununia. Ukinyamaza, nitajua umekubali.

Leonia wako


Ukumbini, Kigoma
25 Julai 1998, Jumamosi

Baba Yunisi,

Umenyamaza, basi nimelileta.

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ukumbi, Yunisi amelala mapajani, karatasi nimeiweka juu ya kitabu cha nyimbo cha Mama Genoveva. Yeye yuko ndani analinda meza yangu, maana watoto wanataka kuliburuta. Anawaambia, "Hili si la kamba!" Kumbe alikuwa ananisikiliza siku zote hizi.

Sikufichi, nilikuwa natazamia barua. Jana nilikwenda stesheni. Dismasi akasema, "Shemeji, safari hii sina karatasi." Akaangalia viatu vyake tena, ila safari hii nikaona anabana midomo kama mtu mwenye pipi. Sina haja na vituko vyake. Nimerudi nikapiga pasi kitenge.

Watu ni wengi. Meza yangu iko kati ya vikapu na mitumbwi, na lori liko peke yake kwenye kitambaa cheupe, kwenye dirisha la mashariki ambako nimeomba mwenyewe niwekwe. Asubuhi tulipofungua, jua liliingia chini chini likapita ubavuni. Mtu wa kwanza kuliona jina alikuwa mama wa vikapu. Akasema, "We, mbona kuna maandishi chini ya rangi?" Nikamwambia, "Ni mume wangu. Alikuwa dereva wa gari hilo, macho yakamsumbua, sasa ni taniboi wa gari hilo hilo. Anabeba chakula cha wakimbizi kule Kibondo." Nilisema kwa sauti, Baba Yunisi. Nilidhani watacheka. Mama yule akainama akaangalia gogo nyuma ya gurudumu, akauliza, "Na hili ndiyo kazi yake?" Nikasema ndiyo. Akamwita mwenzake aje aone.

Wa bombani wamekuja pia. Wale wale. Wamezunguka meza mara mbili, mmoja akasema, "Mama Yunisi, hivi unaweza kunitengenezea basi?" Nimemwambia nitafikiria. Na sijaanza kufikiria!

Kwenye bodi kule nyuma nimeacha sehemu moja bila rangi, ukichungulia unasoma maandishi ya kopo la mafuta. Yule mama wa Mtendeli umwambie nimelitaja kopo lake. Wote walikuwa wanapita na kuchungulia, wengine ni wageni wa kutoka ng'ambo ya ziwa wanaokaa kwa ndugu zao huku Gungu, wakaligusa hapo kwa kidole kama watu wanaolijua.

Mwinshehe amefika na kanzu safi. Amesimama mbele ya meza yangu kama askari, kila mtu anamwambia, "Rangi ni yangu, mkono ni wake."

Jambo moja tu limenikera. Bwana Urbanus amepita na daftari lake na wenzake wawili, wakapima, wakafungua paa, wakasifu usukani na manyoya yake ya buluu. Mpaka kwenye gurudumu la mbele kushoto. Akahesabu. Akahesabu tena. Akasema, "Kazi nzuri sana, mama, lakini hapa umesahau nati moja." Nikasema, "Sijasahau." Akasema, "Kumi, kumi, kumi, tisa. Umesahau." Na akaandika. Ningeweza kumweleza, ila nilipofungua mdomo nikaona hiyo ni yetu. Wakininyima zawadi kwa nati hiyo, waninyime. Ndiyo pekee ambayo sikuiweka na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Jioni nitakuandikia wamesemaje. Yunisi ameamka, anauliza kama baba amekula. Mwambie Dismasi safari ijayo akileta viatu vyake alete na

Ngoja. Mama Genoveva ananiita mlangoni, anapunga mikono yote miwili: "Mama Yunisi, acha hiyo karatasi! Kuna mwanamume mwenye miwani mpya ameinamia gari lako mpaka uso simwoni vizuri, anahesabu nati kwa kidole, anabishana na afisa! Anasema haijasahauliwa, ilikatika Makere!"

Makere sijamtajia mtu hapa, Baba Yunisi. Habari ya nati hiyo duniani tunaijua wawili tu, mimi na